Ngano za mwezi zaweza kumfaa mwalimu wa sayansi

KATIKA shule nyingi, ngano huachiwa mwalimu wa lugha, nao mwezi ukaachiwa mwalimu wa sayansi. Mgawanyo huo huwapunja wanafunzi, kwani hadithi nyingi kuhusu mwezi zilianza na mtu aliyeinua macho akaona jambo linalotokea kweli.

Mfano ni sungura. Wachina husimulia kuhusu sungura anayetwanga dawa mwezini, Wajapani humwona akitwanga wali wa kutengenezea keki, na Waazteki wa Mexico walisema miungu ilimtupa sungura usoni mwa mwezi ili kuufifisha. Mbona watu waliotenganishwa na bahari waone madoa yale yale? Ni kwa sababu mwezi hujizungusha mara moja katika muda ule ule unaotumia kuizunguka dunia, yaani siku 27 na ushei, hivyo hutuonyesha upande mmoja tu. Madoa yenyewe ni mabonde yaliyojaa lava iliyoganda, mengi yakiwa na umri wa miaka bilioni 3 au zaidi. Upande wa pili ulipigwa picha mara ya kwanza mwaka wa 1959 na chombo cha Kisovieti, Luna 3.

Utajiri zaidi uko kwa Wayolngu, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Australia. Kwao mwezi ni Ngalindi, mwanamume mnene aliyekatwakatwa kwa mashoka na wake zake hadi akakonda na kufa. Baada ya siku tatu hufufuka na kunenepa tena. Mwalimu na aulize: kwa nini siku tatu? Siku hizo mwezi huwa upande wa jua, na sehemu yake yenye mwanga haituelekei. Wanafunzi wengi (na watu wazima si haba) hudhani kwamba mwezi hukonda kwa kufunikwa na kivuli cha dunia. La hasha! Kivuli hicho huhusika tu mwezi unapopatwa. Chungwa lililochomekwa kwenye kalamu na tochi katika chumba chenye giza vyatosha kuondoa dhana hiyo.

Wayolngu hao hao husema kwamba maji ya bahari yajaapo huingia mwezini, na yapwapo mwezi hubaki mtupu. Maji hayaingii mwezini, bila shaka. Hata hivyo, waliunganisha mwezi na bahari kwa haki, ilhali Galileo, katika kitabu chake cha 1632, aliukataa uhusiano huo na kudai kwamba maji husukwasukwa na mwendo wa dunia. Ni Newton, mwaka wa 1687, aliyeeleza nguvu za mvutano. Kwa hivyo mwalimu asiibeze hadithi, wala asiifanye kuwa jibu. Atenge kilichoonwa na kilichobuniwa.

Wavuvi wa pwani yetu nao hujua kwamba bamvua huja mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, na kwamba maji mafu huja katikati ya nyakati hizo. Mwanafunzi wa Lamu au Kwale anaweza kunakili saa ya maji kujaa kila siku kwa majuma mawili. Ataona kwamba huchelewa, kwa wastani, dakika 50 hivi kila siku, sawa na mwezi unavyochelewa kuchomoza.