Karanga na Urithi wa Mafuta Yake

Karanga zikikaa ghalani Tabora kwa miezi kadhaa ya joto, huanza kutoa harufu kali na mafuta yake huwa machungu. Mnunuzi huteremsha bei, na lawama humwangukia mtunza ghala. Hata hivyo, sehemu ya kosa imo ndani ya punje yenyewe, nayo ni ya kurithi.

Mafuta ya karanga yana asidi mbili kubwa. Oleiki hudumu; linoleiki hushambuliwa upesi na oksijeni ya hewani, ndipo uchungu unapoanza. Katika mbegu za kawaida oleiki hukaribia nusu ya mafuta yote, na linoleiki hufikia theluthi hivi. Mwaka 1987 wataalamu wa Florida, Marekani, walitangaza karanga yenye oleiki asilimia 80 na linoleiki asilimia 2 tu.

Mmea hutengeneza oleiki kwanza, kisha kimeng'enya huigeuza kuwa linoleiki. Kwa kuwa karanga ilitokana na mimea miwili ya porini iliyochanganyika zamani, kazi hiyo husimamiwa na jozi mbili za chembe za urithi. Jozi moja ikizimika, ya pili huendelea na kazi. Sifa hiyo hukamilika pale tu zote mbili zinapozimika. Kwa hiyo karanga hiyo ikipandishwa na ya kawaida, sifa hupotea katika kizazi cha kwanza. Katika cha pili hurudi kwa punje 1 kati ya 16, au 1 kati ya 4 iwapo mzazi wa kawaida naye alikuwa na jozi moja iliyozimika. Soya nayo hufuata njia inayofanana.

Urambo, palipokuwa na mashamba ya mpango wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951, sifa hiyo ilikuwa bado haijagunduliwa. Misafara ya Ujiji na Bagamoyo ilipita Tabora kwa safari za miezi. Reli imefupisha mwendo, lakini ghala bado hungojesha mazao.

Chama kitakachopata mbegu za namna hiyo kijue kwamba ua la karanga hujichavusha lenyewe. Nyuki, wanaoipa Tabora sifa ya asali, hawana kosa kubwa hapa. Anayeharibu mbegu ni mwenye kuchanganya magunia. Jicho haliwezi kutenganisha punje hizo, ila maabara. Tena oleiki haizuii sumukuvu: karanga zisizokauka vizuri zitaota ukungu vilevile.