‘Kesi imeahirishwa’ si ‘kesi imekwisha’

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalowaponza wananchi wengi vijijini, nalo ni kutojua maana ya maneno yanayotumika mahakamani. Sisemi haya kwa kuwacheka wenzangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepita chuo cha ualimu, na Kiswahili ni moja ya masomo ninayofundisha. Hata hivyo mwaka 2022 nusura nilipe shilingi laki tano kwa ajili ya maneno mawili niliyodhani nayajua.

Mpwa wangu alishitakiwa mahakama ya mwanzo kwa wizi wa baiskeli. Dada yangu akaja akilia, “Kaka, wewe una mshahara, kamtoe mtoto.” Nikaenda na kitambulisho na barua ya serikali ya kijiji, nikatia sahihi bondi ya shilingi laki tano. Kwa kuwa sikutoa hata senti moja, nilidhani nimeandikwa kama mtu anayemfahamu kijana, basi.

Siku ya kesi kijana alikwenda peke yake. Akarudi anacheka, “Mjomba, kesi imeahirishwa!” Mama yake akamshukuru Mungu. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasema vizuri, nikaendelea na kazi yangu. Siku chache baadaye kijana akaondoka kwenda Ziwa Nyasa kutafuta kibarua cha uvuvi.

Haukupita muda, ikatoka hati ya kumkamata yeye, na mimi nikaletewa wito nikaeleze kwa nini nisilipe zile laki tano. Ilinibidi niombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, nipande basi hadi ziwani, nimtafute mwalo hata mwalo. Nilimkuta anashona nyavu, hana habari. Nikamrudisha. Hakimu alitusikiliza, akatuonya vikali, akanisamehe fedha. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, kuahirisha ni kufanya nini?” Nikajibu, “Ni kusogeza mbele, mheshimiwa.” Akasema, “Sasa kwa nini kijana alikwenda ziwani?”

Sikuwa na jibu pale kizimbani, lakini njiani nililipata. Huku kwetu mkutano wa kijiji ukiahirishwa, mara nyingi ndiyo umekwenda moja kwa moja. Neno tunalijua, ila tunalisikia kwa masikio ya kijijini. Mahakama ikisema imeahirisha kesi, hutaja na tarehe, na tarehe hiyo ni amri.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza wanaojua, na ningependa wasomaji wenzangu tugawane niliyoyapata.

La kwanza ni dhamana. Wengi hudhani aliyepewa dhamana amesamehewa, au amenunua uhuru wake. La hasha. Dhamana ni ruhusa ya kungojea kesi ukiwa nyumbani. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika kwamba anayo. Kwa hiyo dhamana haiuzwi, na anayekudai fedha ya chini ya meza akupe dhamana anakuibia. Yako makosa yasiyo na dhamana, kama vile mauaji, uhaini na unyang’anyi wa kutumia silaha. Naye mdhamini si shahidi wa tabia njema: ameahidi kwamba mshitakiwa atafika, na asipofika mfuko wake umo hatarini.

La pili ni mahabusu. Huyu si mfungwa. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa, mahabusu anangojea. Inasikitisha kuona mtu akitoka mahabusu, kijiji kizima kinamwita mfungwa na watoto wake wanazomewa shuleni.

La tatu ni kutajwa na kusikilizwa. Siku ya kutajwa, mahakama hutazama kesi imefikia wapi na kupanga hatua inayofuata. Mashahidi kwa kawaida hawatoi ushahidi. Siku ya kusikilizwa ndipo mashahidi husema. Nimeona watu wakichangishana nauli kupeleka mashahidi watano siku ya kutajwa, na siku ya kusikilizwa nauli imekwisha.

La nne ni ‘ana kesi ya kujibu’. Hapo ndugu huanza kulia wakidhani mtu wao amekwisha kufungwa. Maana yake ni kwamba ushahidi wa upande wa mashitaka unatosha kumtaka mshitakiwa ajitetee. Hukumu bado.

La tano, nalo ndilo linalozua maneno mengi, ni ‘kuachiwa’ na ‘kuachiwa huru’. Upande wa mashitaka ukiondoa shitaka kabla mshitakiwa hajaitwa kujitetea, mahakama humwachia, lakini anaweza kukamatwa na kushitakiwa upya kwa kosa lile lile. Aliyeachiwa huru ameonekana hana hatia. Hashitakiwi tena kwa kosa hilo, isipokuwa hukumu ile itenguliwe katika rufani. Jirani yetu mmoja alichinja mbuzi mwanawe alipoachiwa. Mwezi uliofuata mtoto akakamatwa tena, na kijiji kizima kikasema hakimu amekula rushwa. Huenda kosa lilikuwa masikioni mwetu.

La sita ni wito wa shauri la madai. Mama mmoja huku kwetu alidaiwa fedha ya mbolea, akaitwa mahakamani. Akasema, “Mimi sijaiba, niende kufanya nini?” Hakwenda. Shauri likasikilizwa upande mmoja, mdai akashinda, na ng’ombe wake wawili wakakamatwa kufidia deni ambalo nusu yake alikuwa amekwisha kulilipa, na stakabadhi alikuwa nayo ndani. Shauri la madai si la jinai, hakuna aliyekuita mwizi. Lakini usipokwenda, atakayesikilizwa ni mwenzako tu.

La mwisho ni rufani. Kukata rufani si kumtukana hakimu. Ni haki, ila ina siku zake: kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Anayesema atakwenda baada ya mavuno huenda akakuta mlango umefungwa.

Ndugu Mhariri, mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Lilikuwa jambo jema sana. Lakini mpwa wangu hakuambiwa kwa lugha ya kigeni. Aliambiwa kwa Kiswahili safi, naye akaenda ziwani. Kwa hiyo naomba waheshimiwa mahakimu na makarani, wanapoahirisha kesi, wamwambie mshitakiwa wazi: “Kesi yako haijakwisha, rudi tarehe fulani,” na yeye airudie kwa kinywa chake. Sisi walimu hufanya hivyo darasani kila siku. Aidha, serikali za vijiji ziwakaribishe katika mikutano wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wafafanue maneno haya. Mimi nimeanza na darasa langu la sita: kila Ijumaa neno moja, na kila mtoto huenda nalo nyumbani kwa wazazi wake.

Nasi wananchi tusione haya. Kuuliza si ujinga. Mimi ningeuliza swali moja tu kabla ya kutia sahihi ile bondi, nisingeomba ruhusa kazini wala kupanda basi kwenda ziwani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoani Ruvuma.