Je, Wajua? Foleni Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Je, wajua kwamba kompyuta yenye prosesa ya viini vinne inaweza kuendesha michakato zaidi ya mia kwa wakati mmoja? Inapokezana, kila mmoja ukipewa chembe ya sekunde. Nani apate zamu nono na nani asubiri, hilo waweza kuliamua wewe kwa amri moja ya Linux, bila kuzima chochote.

Tuseme ni Oktoba, msimu wa korosho umefunguliwa, na tuko ofisi ya chama cha msingi huku Chidya, Masasi. Magunia yako mizanini, karani anaingiza kilo kwenye kompyuta na kuchapa stakabadhi. Tangu stakabadhi ghalani zianze kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima haondoki bila karatasi yake. Kompyuta hiyohiyo inabana mafaili ya misimu iliyopita yawe nakala ya akiba, na skrini imeganda. Wengi wangebonyeza kitufe cha kuzimia. Karani anayejua anaandika top, anauona mchakato namba 4312 ukimeza prosesa, kisha anaandika:

renice -n 15 -p 4312

Nakala haikatiki. Inaendelea, ila sasa inaokota makombo, na stakabadhi zinatoka.

Je, wajua kwamba ngazi za kipaumbele, kama hiyo 15, zinakwenda kinyumenyume? Zinaanzia -20 hadi 19, na programu ya kawaida huanza na 0. Namba ikipanda, kipaumbele kinashuka. Kwa waliozoea kusubiri maji uwanda wa juu wa Makonde, mwenye 19 ni yule anayewapisha wenzake wote bombani, ndipo naye atege ndoo.

Je, wajua kwamba kushuka ni bure, kupanda kuna mwenyewe? Mtumiaji wa kawaida anaweza kupeleka programu yake 15, lakini akitaka kuirudisha 0 mfumo unamkatalia, labda msimamizi awe amemfungulia mlango huo mapema. Vinginevyo aandike sudo mbele ya amri na awe na ruhusa. Nadhani ni sheria nzuri. Bila hiyo, kwenye kompyuta ya watu wengi kila mtu angejipa -20 na tungerudi palepale.

Je, wajua tofauti ya ngazi moja ina uzito gani? Kila ngazi hupunguza uzito wa programu kwa takriban moja ya tano ya ule uliokuwapo. Programu mbili zikigombea kiini kimoja, ya 0 na ya 5, ya kwanza huchukua kama asilimia 75 na ya pili 25. Hiyo ya pili ikishushwa hadi 19, hubakiwa na asilimia moja na nusu hivi. Lakini hayo yote ni pale penye ugomvi tu. Kama hakuna mwingine anayetaka prosesa, programu ya 19 inaila yote peke yake, kwa mwendo uleule. Anayetarajia renice iongeze kasi ya kompyuta isiyo na kazi atasubiri sana.

Kwa kazi ambayo haijaanza, tumia nice badala ya renice. Usipotaja namba, yenyewe huongeza 10.

Je, wajua kwa nini wengine huandika amri sawasawa na wasione badiliko lolote? Tangu Linux 2.6.38, ya mwaka 2011, kuna utaratibu unaofunga michakato ya kila dirisha la amri katika kundi lake, kisha makundi ndiyo yanayogawana prosesa. Pale ulipowashwa, kushusha programu ya dirisha hili hakulisaidii dirisha la pili, kwa sababu namba inafanya kazi ndani ya kundi tu. Ni mtego usiotajwa mara nyingi.

Na kama kinachokwamisha ni diski, si prosesa, jaribu ionice -c 3 -p 4312.

Je, wajua kwamba kipaumbele kiliwahi kukisumbua chombo kilichokuwa Sayari ya Mirihi? Mars Pathfinder ilitua tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli ambalo kazi kubwa ililihitaji. Kazi za kati zikaizuia ile ndogo isimalize, kwa hiyo ile kubwa nayo ikakwama. Wahandisi walituma marekebisho kutoka duniani: anayeshika kufuli akopeshwe kipaumbele cha yule anayemsubiri.

Je, wajua kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili? Amri kama renice, hata hivyo, huandikwa vilevile Masasi na Helsinki.

Wa Windows nao hawakusahauliwa. Kwao ngazi ni sita, na programu huanzishwa kwa unyenyekevu hivi: start /low, ikifuatiwa na jina lake. Ngazi ya juu kabisa, ile ya realtime, iache. Programu ikiishika na kuganda, hata kipanya na kibodi vinaweza kukosa zamu, na hapo utakuwa huna pa kuiandikia amri ya kuishusha.