Mbio Ndefu za St. Louis

Mtoto akipiga mbio toka nyumbani hata kisimani, hana haja ya kufikiri. Mbio za kilomita 40 ni jambo lingine kabisa, na shida yake haikai miguuni peke yake.

Tarehe 30 Agosti, mwaka 1904, watu 32 walishindana mbio za namna hiyo mjini St. Louis, katika Marekani, kwenye michezo ya Olimpiki. Kadha wa kadha walikuwa hawajapata kukimbia mwendo mrefu hivyo. Felix Carvajal, tarishi wa barua wa nchi ya Kuba, alifika amevaa suruali ndefu, nayo ikakatwa ili aweze kukimbia. Waliomaliza mbio ni watu 14 tu.

Kwa nini wengi walishindwa? Mtu akimbiapo, mwili wake huwaka kama tanuru, na jasho ndilo liupozalo. Lakini jasho ni maji yatokayo damuni. Yasiporudishwa, moyo hupiga kwa taabu na joto hupanda. Siku ile jua lilikuwa kali, na magari yaliyofuatana na wakimbiaji yalitimua vumbi likawaingia kifuani. Nayo maji yalipatikana mahali pachache mno, maana wakubwa wa siku zile walidhani kunywa njiani kwamdhuru mkimbiaji. Thomas Hicks aliwaomba wasaidizi wake maji, wakamnyima, wakampangusa kinywa tu. Kisha wakampa strikinini, nayo ni sumu, pamoja na ute wa yai, wakidhani yaongeza nguvu! Alishinda kwa saa 3, dakika 28 na sekunde 53, lakini alifika akiwa nusu mfu.

Tena mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini. Atokaye kwa kasi huimaliza akiba hiyo njiani, mara nyingi karibu na kilomita ya 30, ndipo miguu huwa mizito kama magogo. Aanzaye polepole hutumia zaidi mafuta ya mwili, sukari ikabaki kwa safari ya mwisho. Kwa hiyo mgeni wa mbio ndefu hufunzwa kuwaacha wenziwe watangulie, jambo gumu kwa kijana yeyote. Fred Lorz alipochoka alipanda motakaa, akashuka baadaye, akaingia uwanjani kana kwamba ndiye mshindi, akatambulikana, akaondolewa.

Miongoni mwa wale 14 walikuwamo Watswana wawili wa Afrika ya Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani. Hawakuja Marekani kwa ajili ya mbio. Walikuwa katika maonyesho makubwa ya mji ule, mahali palipoigizwa vita vya Makaburu na Waingereza. Yasimuliwa kwamba Taunyane alifukuzwa na mbwa hata akatoka njiani, akarudi akaendelea. Alifika wa 9, na Mashiani wa 12, Waafrika weusi wa kwanza katika michezo ya Olimpiki.