Mukubwa anyooshee mudogo mukono

Hapa kwetu Lubumbashi mafundi wa kujenga hawakosekane. Lakini kazi ya Leta ikitangazwa, kampuni ndogo zinabaki inje. Shida si mikono, ni makaratasi: devi, kodi, garanti ya banki. Na mwenye kuipata, akikosea bei ao malipo ikikawia, anauzisha hata pikipiki juu ya kulipa wafanyakazi.

Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inawekea kampuni za Wakongomani kazi zenye kampuni kubwa zinagawia wengine. Ni vizuri, lakini sheria haifundishe mutu kuhesabu. Tunaomba kila kampuni kubwa imushike mudogo mumoja, imuonyeshe namna ya kupanga bei na kulinda feza, mupaka shantie iishe. Kesho yeye njo atajenga masomo ya watoto wetu.