Chumba kikijaa, bei ya mahindi ni ya nani?

SONGEA. Mfanyabiashara wa nafaka mjini hapa yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka soko la Tandale, Dar es Salaam. Akipakia lori la tani 30 kwa bei aliyoisoma kwenye simu asubuhi, na bei hiyo ikapungua Sh 20 tu kwa kilo, amepoteza Sh 600,000, mbali na nauli ya lori. Kwa mtu huyo, swali la chumba cha mazungumzo cha intaneti kiruhusiwe kuwa na watu wangapi ni swali la fedha.

Ukomo wa watu ni wa zamani. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Doug Brown na David Woolley walitengeneza programu iliyoitwa Talkomatic. Ilikuwa na vyumba 6, na kila chumba kilichukua watu 5 tu. Ukomo huo ulitokana na kioo cha kompyuta: kiligawanywa vipande vitano, kila mtu akaandika katika kipande chake na wenzake wakaona herufi moja moja ikitokea.

Mwaka 1988 Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, alianzisha IRC, ambayo ilimpa msimamizi wa chumba madaraka makubwa. Aliweza kuweka idadi ya juu ya watu, kumtoa mkorofi na kumzuia asirudi. Kanuni zilizochapishwa Mei 1993 zilitaka jina la mtumiaji lisizidi herufi 9 na ujumbe usizidi herufi 512, zikapendekeza pia mtu asikae katika vyumba zaidi ya 10 kwa wakati mmoja. Kampuni ya America Online, kwa upande wake, ilijulikana kwa vyumba vya watu 23. Wa 24 alisubiri mmoja atoke, au alitafuta chumba kingine.

Watu 23 ni kama baraza la mtaani. Aliyeingia alisalimu, akaulizwa umri, jinsia na anakotoka. Wengi walitumia majina ya bandia, lakini mwongo wa kila jioni alijulikana upesi kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wale wale. Isitoshe, mita ilikuwa inahesabu: hadi Desemba 1996, kampuni hiyo ilipoweka malipo ya dola 19.95 kwa mwezi bila kikomo cha saa, mteja aliyezidisha muda wake alitozwa kwa saa. Anayelipa kwa saa haongei ovyo.

Songea haikupitia sana enzi hiyo. Mkebo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na kwa wafanyabiashara wengi wa mikoani chumba cha kwanza cha mazungumzo kilikuwa kundi la WhatsApp. Nalo lilikuwa na ukomo, ila ulisogezwa mara kwa mara: watu 100 mwaka 2014, 256 mwaka 2016, 512 katikati ya 2022, na 1,024 Novemba mwaka huo huo.

Hesabu yake ni rahisi. Kila mwanachama akituma ujumbe mitatu kwa siku, kundi la watu 100 lina ujumbe 300, na la watu 1,024 lina 3,072. Ukihesabu watu wawili wawili wanaoweza kufahamiana, chumba cha watu 23 kina jozi 253. Cha watu 1,024 kina jozi 523,776. Hakuna dalali, hata awe na ndugu Tandale na Manzese, anayeweza kuwafahamu wote hao.

Hasara huanzia kwenye neno dogo kama "gunia". Katika kundi dogo, anayeandika bei ya gunia anajulikana kama anapima kilo 100 au anazungumzia lumbesa, ambayo sheria ya vipimo imeikataza. Katika kundi kubwa msomaji hubahatisha, na bahati hiyo ndiyo ile Sh 20 ya kilo.

Jambo la pili ni tarehe. Juni 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na bei ikashuka katika nyanda za juu kusini. Sokoni kwenye hali kama hiyo, ujumbe wa zamani unaosema mpaka umefunguliwa unaweza kumfanya mtu akusanye mzigo asioweza kuuuza. WhatsApp ilianza Julai 2018 kuweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na Januari 2019 ikazuia kuupeleka kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja. Ulikuwa ukomo wa namna nyingine, lakini kundi moja la watu 1,024 linafidia mengi.

Ufuta, soya na mbaazi za Ruvuma zina nafuu. Huuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika, na bei hutangazwa mbele ya wakulima. Kwa mahindi, ukiacha bei ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, bei husikika kwa watu.

Makundi yaliyochoshwa na kelele yana dawa iliyopatikana tangu 2018: msimamizi anaweza kufunga kundi ili aandike yeye tu. Kelele hukoma, na hakuna tena salamu, mahubiri wala matangazo ya mikopo. Lakini mara nyingi anayejitolea kusimamia kundi la mahindi ni mnunuzi. Akiandika saa moja asubuhi kwamba bei ya leo imeshuka, muuzaji aliyeko Namtumbo, ambaye jana jioni alilipwa zaidi, anasoma tu. Hana pa kujibu.