Mswaki: mti kabla ya brashi

Tukisema "kupiga mswaki", wengi tunafikiria brashi ya plastiki. Brashi imeazima jina tu. Mswaki ni mti, ambao Waarabu wanauita araki. Humea penye ukame na chumvi, tangu Bara Arabu hadi nyika na mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Ngamia na mbuzi hula majani yake, na matunda yake madogo huliwa na watu.

Mzizi wake una ukali unaokaribia haradali. Ukali huo hupunguza vijidudu vya kinywani, na nyuzi zake husugua utando wa menoni.

Shida ni namna tunavyoutumia. Kijiti kinashinda mfukoni mwa kanzu wiki nzima pamoja na noti za fedha, ncha imeshakuwa nyeusi, kisha kinaingia kinywani kabla ya swala! Bibi Aisha (RA) amepokea kuwa Mtume (SAW) alikuwa akimpa mswaki wake auoshe. Basi nawe uoshe kabla na baada ya kuutumia. Menya ganda la ncha kiasi cha sentimita moja, tafuna mpaka ilainike, sugua taratibu kutoka kwenye fizi, usisahau upande wa ndani. Nyuzi zikichakaa, kata, umenye ncha mpya. Kila mtu nyumbani awe na wake.

Kwa watoto usiishie hapo. Dawa ya meno yenye floraidi bado wanaihitaji. Na fizi zikitoka damu kila siku, muone daktari wa meno.